Kule Firenze, baba wa binti ndiye aliyetoa mahari

Mwalimu mmoja ameniandikia hivi: "Nafundisha historia sekondari hapa Tanga. Kila nikifika kwenye Renesansi naishia kwa wachoraji, makanisa na matajiri wa ukoo wa Medici. Safari hii wasichana wa darasa langu wamenibana: majumbani watu waliishije? Bwana harusi alitoa mahari kiasi gani? Vijana walionana wapi kabla ya ndoa? Nani alipika, nani alilea watoto? Nimekosa la kuwajibu. Naomba msaada."

Mwalimu, hongera kwa kupata wanafunzi wa namna hiyo. Nitakujibu kwa mji mmoja tu, Firenze ya Italia, ambao wengine huuita Florence, na hasa karne ya 15. Nimeuchagua kwa sababu watu wake waliandika kila kitu. Mfanyabiashara alikuwa na daftari la duka na daftari la nyumba, na katika hili la pili aliandika nani kazaliwa, nani kafariki, mnyonyeshaji kalipwa kiasi gani, gauni la harusi limekula fedha ngapi. Mwaka 1427 serikali ya mji nayo ikaagiza kila mkuu wa kaya aandikishe mali yake, madeni yake na watu anaowalisha, pamoja na umri wao. Wale wa kulishwa waliitwa "vinywa", na kila kinywa kilimpunguzia mwenye nyumba florini 200, sarafu ya dhahabu ya mji huo, katika mali ya kutozwa kodi. Daftari hizo zipo hadi leo, zenye kaya zipatazo 60,000 za mji na nchi iliyotawaliwa na mji huo.

Nianze na mahari, kwa kuwa wanafunzi wako wameigusa nguzo yenyewe ya nyumba. Ila waambie kwamba bwana harusi wa Firenze hakutoa mahari. Alipewa. Baba wa binti ndiye aliyetafuta fedha, na fedha hizo waliziita dote. Bila dote hakuna ndoa ya heshima, na kadiri ukoo wa mume ulivyokuwa mkubwa ndivyo dote ilivyopanda. Kwa hiyo mtoto wa kike alipozaliwa, hesabu ilianza siku hiyohiyo. Mwaka 1425 serikali iliona fursa ikaanzisha mfuko maalumu: mzazi anaweka amana kwa jina la binti, mfuko unaikuza, binti akiolewa mume analipwa. Hapo mwanzo florini 100 zilizokaa miaka 15 ziliahidiwa kurudi 500. Serikali yenyewe ilikuwa imelemewa na madeni ya vita, ikazitumia fedha hizo kujikwamua. Sijui mfano mwingine unaoonyesha wazi kiasi hiki jinsi kitanda cha mtoto mchanga na hazina ya dola vilivyofungwa kamba moja.

Sasa nikupe mtu. Alessandra Macinghi aliolewa na Matteo Strozzi mwaka 1422, akiwa bado msichana mdogo, akaingia kwa mumewe na dote ya florini 1,600. Mwaka 1434 Cosimo de' Medici alirudi mjini kutoka uhamishoni na nguvu zote, na Matteo akawa miongoni mwa wapinzani waliofukuzwa. Familia ikahamia Pesaro. Huko tauni ikamchukua Matteo na watoto watatu. Alessandra akarudi Firenze mjane, na watoto wake waliobaki, na mmoja tumboni. Wavulana walipokua walikwenda kutafuta maisha nje kwenye biashara za jamaa, na mwaka 1458 marufuku ya kukaa mjini ikawafikia wao pia. Mama akabaki nyumbani, akawaandikia. Barua zake zilizosalia ni zaidi ya 70, kwa mkono wake mwenyewe, za kati ya 1447 na 1470.

Ya kwanza tuliyonayo ni ya tarehe 24 Agosti 1447, kwa mwanawe Filippo aliyekuwa Napoli. Ndani yake anampa habari kwamba dada yake Caterina, mwenye miaka 16, amepata mchumba: Marco Parenti, kijana wa biashara ya hariri, tajiri, ila si wa ukoo mkubwa kama Strozzi. Dote ni florini 1,000. Nusu itatoka kwenye mfuko wa serikali mwaka unaofuata, nusu nyingine ni fedha na vyombo vya bibi harusi. Mama anajieleza kama mtu anayeogopa kulaumiwa: angetoa 1,400 au 1,500 angempata mume wa nyumba kubwa zaidi, lakini hilo lingewafilisi wote. Na anasema neno ambalo nimelisoma mara nyingi bila kulizoea, kwamba anayeoa anataka fedha, wala hakumpata wa kusubiri. Mama mwenyewe aliolewa kwa 1,600, na binti yake anaondoka kwa 1,000. Kushuka kwa nyumba ya Strozzi baada ya 1434 kumo katika tofauti hiyo.

Kisha barua inabadilika sauti. Marco, anasema, amekwisha kumkatia Caterina gauni la mahameli nyekundu, kitambaa kizuri kuliko vyote vilivyoko Firenze, na kilitoka kwenye kazi yake mwenyewe. Amemwagizia pia taji la manyoya na lulu la florini 80. Siku atakapotoka nyumbani atakuwa amebeba mwilini zaidi ya florini 400. Mama anajivuna, na ana haki. Lakini waeleze wasichana wako kwamba zawadi za namna hii zilibaki mali ya mume. Waume wengi, mwaka au miaka michache baada ya sherehe, walizifumua lulu na kuziuza.

Uipime kwa jasho la kibarua. Mbeba mawe kwenye ujenzi alipata soldi 10 hivi kwa siku, soldi zikiwa fedha ndogondogo, na florini ya miaka ile ilikuwa karibu soldi 95. Alihitaji siku tisa au kumi za kazi kupata florini moja. Lile taji peke yake ni kama miaka mitatu ya kazi yake, maana sikukuu za kanisa zilikuwa nyingi na siku ya sikukuu hapakuwa na ujira. Binti yake naye alihitaji dote, ndogo kulingana na hali yake, na wasichana wengi wa maskini waliingia utumishi wa ndani kwa makubaliano kwamba miaka yao ya kazi italipwa mwishoni kwa fungu la kuolewea. Katika nyumba za wenye nacho, binti ambaye fedha hazikumtosha alipelekwa utawani. Watawa nao walidai dote, ila yao ilikuwa nafuu.

Kuhusu vijana kuonana: mara nyingi hawakuonana. Walioonana ni mama na mchumba wa mwanawe, tena mchumba hajui kama anatazamwa. Wanaume walioa wakikaribia miaka 30, wasichana wakiwa na 18 au chini ya hapo, na wasichana wa nyumba nzuri hawakuachwa kuzurura. Mahali pa uhakika pa kumwona ni kanisani. Agosti 1465 Alessandra anamwandikia Filippo kwamba Jumapili alikwenda misa ya alfajiri katika kanisa kuu, kama alivyofanya asubuhi kadhaa za sikukuu, akitaraji kumwona binti wa ukoo wa Adimari. Hakumwona. Akaona msichana mwingine asiyemjua, akasogea akakaa kando yake, akamchunguza tangu mwanzo wa ibada mpaka mwisho. Kumbe ni binti wa ukoo wa Tanagli, ambaye naye alikuwa kwenye orodha ya waliofikiriwa kuolewa na Filippo. Anamweleza mwanawe: umbo zuri, mkubwa kama Caterina au kumzidi, uso mrefu, sura si laini sana lakini si ya kishamba, na mwendo wake unaonyesha hajalala, yaani ni mchangamfu. Hii "hajalala" ndiyo sifa iliyompendeza. Filippo aliruhusiwa kurudi Firenze mwaka 1466, na mkewe hakuwa huyu wa Tanagli. Alikuwa Fiammetta wa ukoo wa Adimari.

Tofauti hiyo ya umri ilizaa wajane wengi, na hapa dote ilikuwa na mlango wa pili. Mume akifa, dote ni ya mke, na ndugu zake wa kuzaliwa wangeweza kumwita arudi nayo ili aolewe tena. Watoto ni wa ukoo wa baba, kwa hiyo wangebaki nyuma, bila mama na bila ile fedha. Alessandra alikuwa chini ya miaka 30 Matteo alipofariki. Hakuolewa tena, na dote yake ikabaki kuwalisha watoto wake. Usimwone kama mjane aliyekaa tu kwa majonzi. Aliuza mashamba kidogokidogo, alipambana na watoza kodi, aliandika hesabu.

Sasa nyumba yenyewe. Iko moja ambayo mtu anaweza kuiingia leo, Palazzo Davanzati, iliyojengwa karne ya 14 na familia ya Davizzi. Imesimama juu kama mnara mnene, kwa sababu ardhi ya mjini ilikuwa haba. Chini ni mahali pa biashara. Katikati ya nyumba kuna kisima, na tundu lake limepandishwa hadi ghorofa za juu, ili ndoo ivutwe kwa kamba na kapi pale ulipo bila kushuka ngazi. Kila ghorofa ina choo, jambo ambalo si kila nyumba ya zama zile ililiweza. Na jiko liko juu kabisa, chini ya paa: moshi utoke, harufu isishuke vyumbani, na moto ukizuka usiiteketeze nyumba yote kutoka chini. Kwa hiyo kuni, maji, unga na mafuta vilipandishwa, na mikono iliyopandisha ni ya watumishi. Madirisha mengi ya mji hayakuwa na vioo. Walitanda kitani kilichopakwa mafuta, mwanga ukaingia wa manjano, na baridi ya Januari ikaingia nayo. Chumba cha kulala kilikuwa na kitanda kikubwa kilichozungukwa na masanduku, mengine yakiwa yamechorwa kwa ajili ya harusi, na humo ndimo nguo zilimokaa. Sebule ya kupokea wageni kwa maana yetu haikuwapo kwa wengi. Mgeni wa karibu alipokewa chumbani.

Maskini aliishi chumba kimoja au viwili vya kupanga, juu ya duka au uchochoroni. Huko hakukuwa na tanuri, kwa hiyo mkate ulipelekwa kuokwa kwa mwoka mikate wa mtaa. Wanawake wa huko walisokota uzi wa sufu nyumbani kwa malipo ya kipande, na wengi walifuma. Nguo iliyoupatia mji utajiri ilipitia mikononi mwao kabla haijafika kwa mfanyabiashara anayetajwa vitabuni.

Chakula kilikuwa mkate na divai kwanza, kisha kabichi, vitunguu, mafuta ya zeituni, jibini, nyama ya nguruwe ya chumvi, na samaki katika siku za mfungo. Wanafunzi watataka kusikia hili: maharage ya Firenze ya karne ya 15 yalikuwa jamii ya kunde, mmea uliotoka Afrika, maana maharage tunayoyajua sasa yalikuja kutoka Amerika baada ya 1492. Nyanya hazikuwapo kabisa. Kikapu cha nyanya cha kwanza kuandikwa Toscana, jimbo la Firenze, ni cha mwaka 1548, miaka 77 baada ya kifo cha Alessandra. Pilipili manga na karafuu zilikuwapo, ghali, zikipita katika bahari yetu hii ya Hindi kabla ya kufika Alexandria na Venezia. Mwenye shamba nje ya mji aliletewa ngano, divai na mafuta na mkulima waliyegawana naye mavuno. Alessandra alikuwa akiwatumia wanawe Napoli jibini na shamari, na mashati aliyoyasimamia kushonwa.

Saa zao zitawafurahisha wanafunzi wako kuliko wa Ulaya, kwa kuwa wenu hawahitaji kutafsiriwa. Ndani ya kanisa kuu la Firenze, juu ya mlango mkubwa, kuna saa iliyochorwa na Paolo Uccello mwaka 1443. Ina tarakimu 24 na mshale mmoja, na mshale huo unazunguka kinyume na saa za leo. Hesabu inaanzia machweo. Jua likishatua inaanza saa ya kwanza, nao wakiita "saa moja ya usiku", neno kwa neno kama sisi. Tofauti ni kwamba hawakuanza upya alfajiri, waliendelea hadi 24. Na kwa kuwa kule machweo huhama sana kati ya kiangazi na baridi, adhuhuri ya Juni iliangukia kama saa 16 na ya Desemba kama saa 19. Kengele za mji ndizo zilizowaita watu kazini, zikawaita ibadani, na usiku zikawarudisha majumbani.

Ulezi na jiko havitenganishwi na utumwa, na hapa naomba usipite haraka. Baada ya tauni ya 1348 watumishi walikuwa adimu, na katika miaka ya 1360 serikali ya Firenze iliruhusu kuingizwa watumwa mradi asili yao si Wakristo. Wengi walikuwa wasichana kutoka pande za Bahari Nyeusi, Watatari, Wacherkesi, Warusi, waliouzwa kupitia Genova na Venezia. Kuanzia miaka ya 1460 wanaonekana pia katika daftari za benki Waafrika walionunuliwa Lisbon. Alessandra alikuwa na mtumwa aitwaye Cateruccia. Analalamika juu yake katika barua, kwamba hamtii. Cateruccia mwenyewe hakutuachia mstari hata mmoja.

Wanawake hawa walizaa na mabwana zao. Msomaji wa pwani atakumbuka suria mara moja, na itafaa atazame tofauti: kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba ni huru na anarithi pamoja na ndugu zake. Kule Firenze mtoto wa mtumwa hakuwa na haki hiyo, alitegemea huruma ya baba. Francesco Datini, mfanyabiashara wa Prato, karibu na Firenze, hakupata mtoto na mkewe Margherita. Mwaka 1392 alizaa binti, Ginevra, na mtumwa wa nyumbani, Lucia. Margherita alimlea Ginevra kwa mapenzi, na alipofika umri wa kuolewa akapewa dote ya florini 1,000, sawa na Caterina Strozzi baadaye. Wengi hawakuwa na bahati ya Ginevra. Chama cha wafanyabiashara wa hariri kilijenga nyumba ya kupokea watoto walioachwa, Ospedale degli Innocenti, kwa ramani ya Brunelleschi, kazi ikianza 1419. Mtoto wa kwanza aliachwa hapo tarehe 5 Februari 1445, siku ya Mtakatifu Agatha, akaitwa Agata Smeralda. Idadi kubwa ya waliomfuata walikuwa watoto wa watumwa na watumishi wa ndani. Mtoto akishaachwa, mara nyingi maziwa ya mama yake yalikodishwa.

Maana mama wa nyumba yenye uwezo hakunyonyesha. Mtoto alibatizwa haraka katika kanisa la San Giovanni, ambako watoto wote wa mji walibatizwa, kisha akapelekwa kwa mnyonyeshaji, mara nyingi kijijini, kwa mwaka mmoja na nusu au miwili. Mkataba ulifungwa na wanaume, baba wa mtoto na mume wa mnyonyeshaji, na malipo yalikuwa ya kila mwezi. Mke aliyeachishwa kunyonyesha alishika mimba nyingine mapema. Gregorio Dati, mfanyabiashara wa hariri aliyefariki 1435, alioa mara nne na kuhesabu watoto 26, mmoja wao akiwa wa mtumwa. Daftari lake linaandika kuzaliwa na kufa mstari kwa mstari, na karibu kila mstari wa kufa umemalizwa kwa kumwomba Mungu ampokee. Wanaosema wazazi wa zamani hawakuwapenda watoto kwa kuwa walikufa wengi, nawaomba wasome barua ya Alessandra ya Septemba 1459. Matteo, yule aliyekuwa tumboni wakati wa tauni, amefariki Napoli akiwa na miaka 23. Mama alikuwa amesitasita sana kabla ya kumruhusu aende. Sasa anajiliwaza kwamba alipata daktari, alipata kuungama, na hakufa peke yake. Halafu anamsihi Filippo ajiangalie, kwa sababu naye akiugua yeye mama hataweza.

Na mchana wanaume walikuwa wapi? Dukani, ofisini, na barazani. Kumbe nyumba kubwa za Firenze zilikuwa na benchi la jiwe lililojengwa pamoja na ukuta wa mbele, upande wa barabara, na hapo walikaa jirani, wadeni, wapiga bao na wenye shida za kuombea msaada. Mtu wa Lamu au wa Mji Mkongwe akiliona atalitambua bila kuambiwa. Wanawake wa nyumba hizo hawakukaa pale. Walikuwa na dirisha, kanisa, na ziara za uzazi, ambapo mama aliyejifungua alitembelewa kitandani na kuletewa kuku na vitu vitamu kwenye sinia iliyochorwa. Wanawake maskini, kinyume chake, walikuwa nje kutwa, sokoni Mercato Vecchio, kisimani, mtoni Arno kufua. Uhuru huo wa kutembea ulitokana na kukosa mtu wa kutumwa.

Kwa somo lako, Mwalimu, ningeanza na barua ile ya 1447. Waandikie ubaoni: dote florini 1,000, taji florini 80, ujira wa kibarua soldi 10 kwa siku, florini moja soldi 95. Waache wapige hesabu wenyewe. Kisha wagawe darasa: kundi moja limwandikie Filippo kama Alessandra, jingine kama Caterina anayejaribishwa gauni la mahameli, na la tatu kama Cateruccia, anayepandisha ndoo.